Kilichobaki Tumboni mwa Kamera

Mtu asikudanganye kwamba kazi ya video ni kazi ya kukaa tu. Kamtazame Chadia anavyoinuka kwenye kiti chake: mkono mmoja mezani, mwingine kiunoni, na "ya Rabi" mbili kabla mgongo haujanyooka. Mjini Kasongo wanamwita Mama Kamera, na wengi wanaomwita hivyo wanadhani kazi yake inaisha siku ya harusi, watu wakishakula pilau na kwenda zao. Thubutu! Siku hiyo ndiyo kwanza kazi inaanza. Harusi inayochukua saa tano inaacha picha za saa tano, tena picha za HD, nzito hizo, si za simu. Zitolewe kwenye kamera ziingie kwenye kompyuta. Zitazamwe zote, hata zile za watoto wanaojipitisha mbele ya lenzi. Zikatwe, ziungwe, halafu zipikwe. Kupika ndilo neno lake mwenyewe kwa ile hatua ya mwisho, kompyuta inapovikusanya vipande vyote na kuvifanya filamu moja. Wali unaiva kwa saa moja. Filamu ya harusi mezani kwa Chadia inaiva kwa siku mbili, jua likipenda.

Na jua lazima lipende, maana umeme wa nyumba ile unatoka kwenye paneli mbili zilizofungwa juu ya bati. Wingu moja likipita, kompyuta inazimika na kazi ya asubuhi nzima inarudi mwanzo. Mume wake, Iliasi, ni fundi wa kushona. Cherehani yake inakwenda kwa miguu na haijawahi kuliomba jua ruhusa, kwa hiyo anapata raha ya kumcheka mkewe kutoka barazani. "Mama Faradji," humwambia, kwa jina la mtoto wao wa kwanza aliyehamia Kindu, "leo umepika nini?" Naye hujibu bila kugeuka, "Nimepika wingu."

Lakini kazi hiyo hakuna mwingine wa kuifanya. Harusi za Waislamu wa Kasongo zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na msinidanganye, harusi yenyewe iko upande wa wanawake. Upande wa wanaume wanakaa, wanasoma dua, wanakunywa chai. Upande wa wanawake vilemba vinavuliwa, bibi arusi anafundwa na kuchezwa, mama mtu anasimama katikati na kumwimbia mwanawe wimbo wa kumuaga, na mabibi ambao barabarani hata kisigino hawakionyeshi wanacheza mpaka kitenge kinadondoka. Mwanaume haingii. Simu nazo haziingii: mlangoni kuna kikapu, na kila mama anaacha simu yake humo. Kinachoingia ni kamera moja tu, ya Chadia.

Ruhusa hiyo aliipata kwa sharti. Aliyelitoa ni Koko Mwayuma, mzee wa wazee wote, bibi wa mji mzima, ambaye ndiye somo anayewafunda mabinti na ndiye anayekaa mlangoni na kikapu. Miaka kumi na moja iliyopita alimwambia Chadia: "Utachukua. Utamupa bibi arusi disiki moja, yake yeye na wamama wenzake. Halafu utaniita, nione ile ingine ikikufa."

Basi ikawa hivyo kila harusi. Disiki ikishakuwa tayari, Koko anakuja, anawekewa kiti mbele ya kompyuta, na bibi arusi kando yake. Chadia analichukua folda lote la picha za wanawake na kulitupa kwenye pipa la kompyuta, halafu anamwaga pipa. Koko hajui kusoma hata herufi, lakini kompyuta ile ikimwaga pipa inatoa mlio kama wa karatasi inayofinyangwa mkononi, na mlio ule Koko anaujua vizuri.

"Imekwenda?" anauliza.

"Imekwenda, Koko."

"Alhamdulillahi. Niletee chai."

Sasa liko jambo moja ambalo Koko halijui, wala wamama wengine hawalijui, na huwezi kuwalaumu. Wao wanaamini kwamba kamera ikichomekwa waya inatapika yote iliyokula, kompyuta inameza, kamera inabaki na njaa yake. Si hivyo. Kompyuta inachukua nakala tu. Picha zenyewe zinabaki kwenye kamera, kwenye kumbukumbu yake ya ndani, mpaka mwenye kamera azifute kwa mkono wake. Chadia alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kila harusi, Koko akishakunywa chai na kuondoka, alikuwa anaishika kamera peke yake, anafuta, anaiweka sandukuni. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na alifanya.

Mpaka harusi ya Waridi, miaka mitatu iliyopita. Wiki ile alikuwa na harusi mbili, malaria moja, na mama mkwe kitandani. Koko alikuja, karatasi ikalia, chai ikanywewa. Chadia akaitazama kamera, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi nyingine, kumbukumbu imejaa, akachomeka kadi ndogo ubavuni mwa kamera akaanza kurekodi humo. Kuanzia siku hiyo kila alipoiwasha, alama nyekundu ilimwambia kumbukumbu ya ndani imejaa, afute? Naye akabonyeza: baadaye. Miaka mitatu, baadaye. Hakuwa na nia mbaya, wallahi. Alikuwa amechoka. Lakini amana haikuulizi kama umechoka.

Jumatatu moja ya mvua kadi ile ikafa. Ilikataa kusoma, ikakataa kuandika, na Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa Mama Salima, jirani wa karibu na msikiti. Kadi nyingine ingetoka Kindu, na barabara ya Kindu wakati wa mvua mnaijua wenyewe. Kwa hiyo Chadia akaamua kwamba sasa lazima ile kumbukumbu ya ndani afute, yaishe. Alikuwa anaichomeka kamera kwenye umeme, maana betri yake ilikuwa imeisha chaji, aliposikia hodi.

"Karibu," akasema, halafu akasimama haraka kuliko mgongo ulivyotaka. "Ee! Si Waridi wa Djamila huyu?"

"Ni mie, mama."

Alikuwa amekonda. Matope yalikuwa yamemkaukia miguuni mpaka magotini, maana alikuwa ametoka tena Lusangi kuja kwenye arobaini, ambako mumewe Mahamudu anauza vitu kwa wachimba dhahabu, na kutoka kule mpaka Kasongo alilala njiani mara mbili, kwa pikipiki na kwa miguu pale pikipiki iliposhindwa. Mama yake, Djamila, alikuwa amefariki mwezi uliopita. Chadia mwenyewe alikuwa kwenye matanga. Alhamisi ilikuwa arobaini.

"Pole mingi, mutoto wangu. Pole sana. Kaa."

Waridi akakaa ukingoni mwa mkeka. "Mama, walinipigia simu asubuhi, na magaribi walikuwa wamekwisha kumuzika. Mie mara ile nilifika siku ya tano. Nilikuta udongo, tena mvua imekwisha kupiga."

"Ndiyo dini yetu, mwanangu. Maiti hangojewe."

"Najua, mama. Sikatai." Akafungua pindo la kitenge, akatoa kadi ya kupigia kura. "Picha yake niko nayo hii tu."

Chadia akaitazama. Picha za kadi zile, hata malaika angetoka mwizi. Djamila alikuwa amekodoa macho, midomo imebanwa, kama mtu anayesubiri kukaripiwa. Djamila yule aliyekuwa akicheka mpaka anaegemea ukuta!

"Na ile disiki yako ya harusi?" akauliza, bila kuitazama kamera.

"Iliungua. Mwaka jana kule kambini, moto ulianzia kwa muuza mafuta, mahema yakashika yote. Nilisema si kitu, juu ya mama mwenyewe yuko muzima, nitamuona." Akabandua tope kavu gotini. "Mama Chadia, najua mulifuta. Koko alikuwa hapa, na mie nilikaa pale pale, nikasikia ile karatasi. Lakini nilisema moyoni, niende tu niulize. Mutu hakatazwe kuuliza."

Na kamera iko hapo, mezani, waya umechomekwa. Hatua mbili kutoka goti la mtoto wa watu.

"Tulifuta, mutoto wangu," Chadia akasema. "Ulisikia mwenyewe."

Uongo ule ulitoka upesi kama salamu. Angalau Waridi angebisha, angelia! Lakini akaikunja kadi kwenye pindo, akasema, "Aksanti, mama. Ni vile sauti yake imeanza kunipotea. Maneno nayakumbuka, lakini yanakuja na sauti ya mutu mwingine." Akaomba maji ya kunawa miguu, akaenda zake kwa mjomba wake.

Chadia hakula mchana huo. Iliasi alimwona amekaa barazani na sahani ya sombe, majani ya muhogo, mapajani, inzi wanakula kabla yake, akasimamisha cherehani.

"Haya, mama Faradji. Nani amekufa tena?"

Akamweleza yote: kamera, alama nyekundu, uongo. Iliasi akasikiliza huku anachomoa nyuzi kwenye suruali ya mtu.

"Basi si umupe tu," akasema.

"Nikimupa, Koko atakosaje kujua? Na Koko akijua, nani atanifungulia mulango? Miaka kumi na moja, Iliasi. Kule ndani wananivulia vilemba. Juu ya nini? Juu ya ile karatasi."

"Na usipomupa?"

"Nisipomupa, nafuta leo, hakuna anayejua."

"Wewe unajua. Na sasa mimi. Ungeniacha nikashona suruali za watu kwa amani." Akakanyaga cherehani, ikazunguka mara mbili, akaisimamisha tena. "Djamila alikuwa ananitania kila akipita hapa. Sauti yake, unajua, hata mimi siikumbuki vizuri."

Chadia akamrudishia sahani ikiwa haijaguswa, akaingia ndani.

Jumanne jua lilipenda. Akachomeka waya, kompyuta ikakohoa na kutetemeka, ikaitambua kamera. Harusi ile, miaka mitatu iliyopita, aliingiza picha kwa haraka: alivuta mafaili yaliyokuwa na namba akayadondosha kwenye folda, basi. Na kamera ile ina tabia yake. Ukiiacha irekodi kwa muda mrefu, inakata picha vipande vipande yenyewe, faili moja likijaa linaanza lingine, na usipotumia programu ya kamera yenyewe kuingiza, vipande haviungani, sauti inaruka kila mahali pa kuungana. Siku zile, homa ikiwa kichwani, alikuwa amefungua kipande cha kwanza cha kila picha ndefu, na vingine hakuvigusa kabisa. Safari hii akafanya kama inavyotakiwa. Programu ikapanga siku kwa siku, saa kwa saa, mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Wingu likapita, kompyuta ikazimika. Akaanza upya. Mchana likapita lingine. Akaanza upya tena, na mara hii akatoka nje akalisimamia jua kwa mikono kiunoni kama mtu anayesimamia mfanyakazi mvivu, mpaka mstari ukafika mwisho.

Picha za HD kwenye kompyuta ile hazitazamiki hivi hivi. Mtu akicheza, mguu unainuka sasa, unatua baadaye, na wimbo umeshafika ubeti wa tatu. Ikabidi kwanza atengeneze nakala nyepesi ya kutazamia. Jumatano asubuhi, pazia limefungwa, akatazama.

Djamila alikuwepo. Loo, alikuwepo! Alikuwa amesimama katikati na kitenge cha njano, jasho shingoni, anamwimbia mwanawe:

"Nenda mwanangu nenda, njia haikuli,
Ukichoka urudi, mlango hauna kufuli."

Wamama wote wakimwitikia, wamevua vilemba, wengine mabega wazi. Hao ndio waliokuwa tatizo. Djamila alikuwa wa Waridi. Wengine walikuwa amana. Lakini HD ina wema wake mmoja katika mabaya yake yote: unaweza kumvuta mtu mmoja kutoka kwenye kundi, ukamsogeza mpaka ajaze kioo, na uso wake usivunjike. Chadia akafanya hivyo, picha baada ya picha. Bega la mtu likiingia, anasogeza. Kichwa kikipita, anakata. Mabibi wawili aliwafunika kwa kivuli cheusi kwa sababu walikataa kutoka, kama walivyokataa siku ya harusi yenyewe. Macho yalimwasha, kiuno kilimuuma, na alifanya kazi kwa uangalifu ambao harusi ile haikuupata mara ya kwanza.

Ndipo akafika kwenye vile vipande ambavyo hakuwahi kuvifungua. Ilikuwa ni mwisho wa shughuli. Bibi arusi ameshatolewa, wamama wamemfuata na vigelegele, na yeye Chadia aliiacha kamera kwenye miguu yake mitatu ikiendelea kurekodi, akaenda kula. Chumba kimebaki kitupu, mikeka imepinda. Djamila anaingia peke yake. Chadia akakitazama kipande kile mpaka mwisho, akakirudia, halafu akazima kompyuta bila ya kuwa na wingu lolote.

Akajifunga ushungi, akaenda kwa Koko Mwayuma.

Koko alikuwa uani anapembua mchele. Chadia hakukaa hata kwenye kigoda. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia kamera isiyotapika mpaka uongo wa Jumatatu, na Koko hakuacha kupembua. Alipomaliza, ungo ukasimama.

"Ni ngapi ziko mule?"

"Ile moja tu, Koko. Haki ya Mungu. Zingine zote nilifuta."

"Na mie miaka yote nilikuwa nasikiliza karatasi." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "La kuvunda halina ubani, Chadia. Ungemupa mutoto kimya kimya. Juu ya nini umekuja kwangu?"

"Waridi angefurahi, Koko. Mutu mwenye furaha hanyamaze. Mungejua tu."

"Si ile tu."

"Si ile tu." Chadia akakaa chini, palepale kwenye vumbi la pumba. "Nimechoka, Koko. Nimechoka kujua peke yangu."

Koko akatupa punje moja kwa kuku, akaisindikiza kwa macho. "Kesho kisomo cha arobaini kikiisha, umuite. Na mie nitakuja. Mupe mutoto mama yake. Yako wewe tutasema nyuma ya pale."

Alhamisi, baada ya arobaini, walikaa watatu chumbani kwa Chadia. Iliasi alihamishwa na cherehani yake mpaka chini ya ukingo wa bati la jirani. Waridi alipoambiwa, hakuuliza kwa nini alidanganywa. Alishika tu ukingo wa meza. Chadia akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Waridi hakulia. Aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kioo, midomo ikifuata maneno, na Djamila akaimba, akakosea ubeti, akacheka kwa kile kicheko cha kuegemea ukuta, akaimba tena. "Ni yeye," Waridi akawa anasema, "ni yeye, Koko, sikia, ni yeye." Wimbo ukaisha.

"Kungali kidogo," Chadia akasema. "Hii hukuwahi kuiona. Hata mie."

Chumba kitupu. Djamila anaingia, anaokota sahani mbili, anaziweka. Anakaa kwenye mkeka, ananyoosha miguu, anakanda vidole kimoja kimoja. Anapumua. Halafu, bila kugeuza kichwa, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa, anaita:

"Waridi! Waridi we! Niletee maji."

"Abee, mama," Waridi akaitika, na mguu mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni.

Kwenye kioo hakuja mtu. Djamila anasubiri. Halafu anajipiga paja. "Ee, Djamila! Si nimekwisha kumutoa." Anacheka peke yake, kicheko kidogo sana, anashika kiuno, anainuka, anatoka. Inasikika kata ikigonga mtungi. Baada ya hapo ni mikeka tu, mpaka mkono wa Chadia unakuja kuzima.

Waridi alikuwa bado amekaa nusu, nusu amesimama. Ndipo akalia. Koko Mwayuma alijifunika uso mzima kwa ushungi na akabaki hivyo. Na Chadia, ambaye amewaona wamama wa mji huu wakilia kwenye kioo kwa miaka kumi na moja na huwa anatazama tu kama sauti imetoka vizuri, safari hii hakutazama chochote, maana alikuwa haoni.

Waliirudia mara tatu. Mara zote tatu mguu wa Waridi ulishtuka.

Chadia akamwekea kwenye ufunguo wa USB, ile flashi ndogo, akaufunga kwenye kipande cha kitambaa. Waridi akaibusu mikono yake, huku na huku. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama. Na ile yangu? Ile nilichezwa, sina kitambaa, sina nini. Nayo iko mule bado?"

"Iko."

Uso wa Waridi ukabadilika. Hakukasirika. Ila aliibana kanga yake kifuani, mbele ya mwanamke aliyekuwa akimbusu mikono sasa hivi. "Ifute, mama. Tafadhali, ifute leo." Akaenda.

Kwenye kompyuta Chadia akafuta, karatasi ikalia, na Koko hakuuliza kama imekwenda. Halafu akaishika kamera. Alama nyekundu ikauliza: afute? Akabonyeza ndiyo. Kioo kidogo kikawa cheusi, kikarudi kitupu. Hakukuwa na mlio wowote.

Koko akasubiri. "Bado?"

"Imekwisha, Koko."

"Sijasikia kitu."

"Kamera hailie. Inafuta kimya."

"Sasa mie nitajuaje kama imekwenda?"

Chadia akakitazama kile kioo kidogo. Angeweza kumwonyesha kioo kitupu, lakini kioo kitupu mtu asiyesoma atakiamini vipi, na hata anayesoma?

"Hutajua, Koko. Utaniamini tu."

Koko Mwayuma akajiinua kwa kushika meza, na safari hiyo hakuomba chai.

Furaha, kama Chadia alivyosema, hainyamazi. Waridi aliwaonyesha shangazi zake, shangazi wakalia, wakaenda kueleza kwa majirani, na kufika Ijumaa swala ya adhuhuri kila mama wa Kasongo alikuwa amesikia kwamba Djamila ameonekana akiomba maji, na kila mmoja, akishafuta machozi, alikuwa amekumbuka mwaka aliocheza yeye. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna aliyekuja kumtukana Chadia. Walimsalimia vizuri, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomkosesha usingizi.

Jumamosi alikwenda kwa Mama Salima na kamera yake begani, kumbukumbu tupu, kama alivyoombwa kabla ya haya yote. Mlangoni alikuwa Koko na kikapu.

"Simu," Koko akasema. Chadia akaweka simu.

"Na ile."

"Koko, Mama Salima mwenyewe aliniita."

"Wamama wamesema. Si mie peke yangu. Ingia, ukae, ukule harusi. Ile iache hapa." Sauti yake haikuwa na hasira. "Nitaiangalia, usiogope."

Chadia akaivua kamera begani, akailaza kikapuni juu ya simu za watu, mkanda ukabaki unaning'inia nje. Akaingia. Miaka kumi na moja hakuwahi kukaa kwenye mkeka wa harusi. Wakamsogelea, wakampa mto wa kuegemea, wakamletea pilau yenye nyama nyingi, na hakujua mikono aiweke wapi. Ngoma ikaanza. Baadaye Mama Salima akasimama katikati kumwimbia binti yake, sauti imekauka kwa kupika tangu alfajiri, na kidole cha Chadia kikabonyeza chenyewe, kikakuta goti. Basi akausikiliza tu, mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo mzuri. Mama Salima alilia katikati, akajikaza, akaumaliza huku anamshika binti yake mashavu.

Vigelegele vilipotulia, alikuja akajitupa mkekani kando ya Chadia, jasho linamtiririka, anajipepea kwa ncha ya kitenge.

"Mama Kamera," akamnong'oneza, "umenichukua? Nilipolia, ulinichukua?"

Halafu akakumbuka. Wote wawili wakatazama mlangoni, kwenye kikapu.